Kuliona tumbo la seli kwa kitunguu na maji ya Ziwa Tanganyika

Swali lilitoka benchi la nyuma, kama kawaida yao. Nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma mjini. Siku hiyo nilikuwa nimeshachora seli ubaoni na kuandika pembeni yake: "lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea taka". Nikaeleza kwamba seli ikibanwa na njaa huanza kujila yenyewe, vipande vilivyochakaa kwanza. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa kama seli inajila, mbona ya kansa haijili ikaisha?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikatazama saa, nikasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebakiza dakika mbili.

Haya ninayoandika ni namna nilivyokuja kulijibu swali lile, kwa zoezi ambalo mwalimu yeyote mwenye hadubini moja nzima anaweza kulifanya katika vipindi viwili vinavyofuatana. Utahitaji kitunguu, rangi moja ya maabara, chumvi, amonia kidogo na maji ya ziwa. Kama uko Tabora au kwingine kusiko na ziwa usiondoke, nitakuonyesha cha kufanya.

Lisosomu yenyewe hutaiona kwa hadubini ya shule. Nyingi hazifiki maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa ukuzaji wa mara 400 utaona vumbi tu, kama utaona kitu. Lakini mimea ina ndugu yake mkubwa, vakuoli. Kwenye ngozi ya kitunguu vakuoli moja hujaza karibu seli nzima, na ndani yake mna maji yenye asidi na vimeng'enya vya kuvunjavunja, kazi ileile ya lisosomu katika seli zetu. Hamira nayo ina vakuoli, na humo ndimo Mjapani Yoshinori Ohsumi alimoichimbua siri ya seli kujila, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Kwa hiyo usione haya kumwambia mwanafunzi kwamba anatazama tumbo la seli kupitia kitunguu cha sokoni.

Kupata rangi na kuichanganya

Rangi yenyewe inaitwa nyutrali redi. Maabara za hospitali huitumia katika kazi za bakteria, kwa hiyo mtu wa maabara mwenye moyo mzuri akikuchotea gramu moja itakufaa miaka kadhaa. Mwambie unataka kufundishia; mimi nilipewa pamoja na chai.

Pima gramu 0.1, yeyusha kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Hiyo ni akiba, iweke kwenye chupa ya kahawia kabatini. Kama mizani yenu haisomi kiasi kidogo hivyo, chota kwa ncha ya njiti ya kiberiti, ongeza kidogokidogo mpaka maji yafanane na juisi ya rozela iliyokolea. Siku ya somo chukua mililita 1 ya akiba, changanya na mililita 9 za maji ya ziwa. Maji ya ziwa yachuje kwa kitambaa tu. Usitie dawa ya kusafishia maji, maana klorini huiua rangi.

Hapo kwenye maji ya ziwa ndipo nilipopoteza wiki nzima, acha nikueleze.

Mara ya kwanza nilitumia maji ya chupa ya dukani, nikijua ni safi kuliko yote. Kuta za seli zikapata wekundu hafifu, ndani patupu. Nikarudia. Nikarudia tena na kitunguu kingine, nikilaumu kitunguu. Siku ya nne bomba letu lilikuwa kavu, na msichana mmoja anayekaa Kibirizi akawa amekuja na dumu la maji ya ziwa kwa ajili ya kufutia mbao. Tukachanganyia hayohayo. Rangi ikageuka papo hapo, kutoka nyekundu ikawa ya njano inayoelekea chungwa, nami nikajua basi, tumeiharibu. Tulipoiweka ngozi ya kitunguu chini ya hadubini, seli zilikuwa zimeiva kama chikichi.

Sababu yake ni nzuri kuliko zoezi lenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi na juu yake ni alkali) iko karibu na 9. Nyutrali redi ni kinyonga: kwenye asidi ni nyekundu, kwenye alkali ni ya njano. Ikiwa ya njano haina chaji, na isiyo na chaji hupenya utando wa seli bila kuulizwa. Ikifika ndani ya vakuoli inakutana na asidi, inapokea protoni, yaani ile chembe ya hidrojeni inayofanya kitu kiwe asidi, inapata chaji, inakuwa nyekundu, na yenye chaji haipenyi tena kutoka. Ni mgono wa kuvulia samaki: mlango wa kuingilia upo, wa kutokea hakuna. Ndiyo maana nje maji ni ya njano na ndani ya seli kumeiva. Yale maji ya chupa hayakuwa na nguvu ya kuizima asidi inayokuja na rangi yenyewe, ikabaki na chaji nje ya mlango.

Wewe usiye na ziwa, tia magadi kidogo sana, kiasi cha kushikwa na vidole viwili, kwenye lita moja ya maji. Karatasi nyekundu ya litmasi ikigeuka bluu, anza kazi.

Hadithi hii ya kukosea huwa naifuatisha na nyingine, maana wanafunzi hudhani wanasayansi huamka tu na majibu. Mbelgiji Christian de Duve alikuwa Louvain mwaka 1949, akitafuta habari za insulini kwenye ini la panya. Alipima kimeng'enya kimoja kwenye ini lililosagwa taratibu, akapata kama sehemu moja ya kumi ya alichotarajia. Wakauacha mchanganyiko kwenye friji. Baada ya siku 5 wakapima tena, kimeng'enya kikawa kimejaa tele. Hakikuwa kimeongezeka; kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na vifuko vilipochoka kwa kukaa vikavuja. Mwaka 1955 vifuko hivyo vikapewa jina la lisosomu, mwaka 1963 yeye huyohuyo akaleta neno otofajia, yaani kujila, na mwaka 1974 akapata Nobeli pamoja na wenzake wawili. Yote yalianzia kwenye kipimo kilichokataa.

Chini ya hadubini

Kata kitunguu katika vipande vinne, toa tabaka moja nene. Unachotaka ni ngozi ya upande wa ndani, ule uliobonyea, kwa sababu haina rangi. Ya nje ina wekundu wake wa kuzaliwa nao na itakuchanganya, hasa ukitumia vitunguu hivi vyetu vyekundu. Chora miraba midogo kwa wembe, ya nusu sentimita hivi, kisha banua mraba mmoja kwa kibanio. Ukijikunja, utupe, usipoteze muda kuunyoosha, kitunguu ni rahisi kuliko macho yako.

Uzamishe kwenye rangi dakika 10. Suuza kwa maji ya ziwa yasiyo na rangi, weka kwenye slaidi na tone la maji hayohayo, funika. Anza na ukuzaji wa mara 100, ndipo uende 400. Waite wawili wawili. Wape muda wa kunyamaza.

Mwanafunzi mkaidi atasema seli nzima imepakwa rangi tu. Mshukuru, kisha weka tone la maji ya chumvi ukingoni mwa kifuniko, kijiko cha chai kilichojaa kwa mililita 100 za maji, na ulivute kwa kipande cha karatasi laini upande wa pili. Ndani ya dakika chache kifuko chekundu kinasinyaa, kinaachana na ukuta, kinabaki kama mpira mdogo katikati ya chumba kisicho na rangi. Kidato cha tano wote wanalijua hili kwa jina la plasmolisisi, lakini sasa wanaona ni kipi hasa kinachosinyaa. Hapo huwa nasikia "aah" ya kweli.

Kisha chukua ngozi nyingine, iloweke kwanza dakika 2 kwenye maji yanayochemka, ndipo uitie rangi. Hakuna kifuko chekundu kitakachojitokeza. Asidi ile haikai humo bure: kuna pampu za protoni kwenye utando, zinazofanya kazi usiku na mchana kwa ATP, yaani kuni za seli. Katika seli zetu maji ya kawaida yana pH ya 7.2 hivi, na ndani ya lisosomu ni 4.5 hadi 5, maana yake protoni humo ndani zimerundikana zaidi ya mara 100. Seli ikifa, pampu na utando vimekwenda.

La tatu ndilo ninalolipenda. Chukua amonia ya maabara, tone moja kwa mililita 10 za maji, fungua madirisha. Pitisha chini ya kifuniko kama ulivyopitisha chumvi, kwenye ngozi nyingine iliyokwisha kuiva. Wekundu unafifia kuwa chungwa, kisha njano, mbele ya macho yako. Amonia nayo ni alkali dhaifu. Inapenya, inanaswa, na kila molekuli inayonaswa inakula protoni moja. Tumbo limepoteza asidi. Kumbukeni hapo, huwa nawaambia, tutaparudia.

Klorokwini ya mama mkwe

Mama mkwe wangu anauza dagaa Kibirizi. Jioni ile nilimweleza habari za amonia akiwa anapepeta, nikamuuliza kama anaikumbuka klorokwini.

"Ile ya kuwasha? Mwanangu, ile ilikuwa inaniwasha mpaka nyayo. Najikuna kwenye mkeka kama mbuzi. Malaria inapona, mimi nabaki nachubuka."

Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Lakini namna ilivyofanya kazi ni mgono uleule. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ndani ya kifuko chake chenye asidi. Klorokwini hupenya humo, hupata chaji, hunaswa na kukivuruga chakula hicho. Katika seli ya binadamu hunaswa ndani ya lisosomu, asidi inapungua, kifuko kinavimba na umeng'enyaji unakwama. Yaani kama amonia kwenye kitunguu. Hii ndiyo sababu watafiti wa kansa waliifukua tena dawa ambayo wazee wetu walifurahi kuagana nayo.

Njaa ya hamira, kwa kifupi

Ukiwa na siku ya ziada, weka hamira kwenye vikombe viwili: kimoja maji ya sukari na unga kidogo, kingine maji matupu. Baada ya siku moja tia nyutrali redi, tazama kwa mara 400. Katika seli nyingi zenye njaa utaona vakuoli moja kubwa. Usiwaahidi zaidi ya hapo. Ohsumi mwenyewe mwaka 1988 alilazimika kutumia hamira iliyokosa vimeng'enya vya kumeng'enya protini, kwa sababu ya kawaida humaliza mlo kabla hujauona. Alipoitia njaa, ndani ya saa chache vakuoli ikajaa vipira vilivyomezwa visiweze kuvunjwa, vikirukaruka. Kwa njia hiyo yeye na wenzake walitangaza mwaka 1993 jeni 15 za kazi hiyo, na ndugu wa jeni nyingi kati ya hizo tunao mimi na wewe.

Sasa jibu la benchi la nyuma

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mama mkwe hakuwa na dagaa wa kuuza. Alivunja kichanja cha zamani cha kuanikia, mbao akauza. Nyavu zilizochakaa akang'oa kamba na chubwi, akauza. Boti ya marehemu baba mkwe iliyokuwa imeoza upande mmoja ikawa kuni na misumari. Nyumba haikuanguka, watoto walikula, na ziwa lilipofunguliwa alikuwa na eneo safi na mtaji kidogo. Seli yenye njaa hufanya hivyohivyo. Inafunga mitokondria (vinu vyake vya nishati) iliyochoka na protini zilizopinda ndani ya utando, inazipeleka kwenye lisosomu, na zinarudi zikiwa asidi amino, mafuta na sukari za kuanzia upya. Tangu nione yale sijaandika tena "kifuko cha taka" ubaoni.

Kwenye seli yenye afya kuvunja na kujenga hupokezana. Juu ya utando wa lisosomu hukaa msimamizi aitwaye mTORC1. Asidi amino zikiwa tele, anaamuru ujenzi na anazuia uvunjaji. Zikipungua, anaachia, na protini iitwayo TFEB inaingia kwenye kiini kufungua jeni za kutengeneza lisosomu nyingi zaidi. Tazama mahali alipokaa huyo msimamizi: juu ya tumbo lenyewe. Mimi hilo lilinishangaza kuliko mengine yote.

Kansa inaharibu kupokezana huku. Tangu miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba uvimbe hula glukosi kwa pupa na kuigeuza asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. Kansa ya kongosho ina uroho wa ziada, kwa sababu uvimbe wake ni mgumu, damu inapita kwa shida, chakula ni haba. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba seli zenye jeni ya Ras iliyoharibika hugida protini zilizo nje yao na kuzimeng'enya ndani ya lisosomu. Na mwaka 2015 Rushika Perera na wenzake wakaonyesha kwamba katika kansa ya kongosho ndugu wa TFEB huingia kwenye kiini hata msimamizi akiwa kazini. Seli inajenga na kuvunja kwa wakati mmoja. Ni kama mama mkwe angeuza dagaa kila siku, akavunja vichanja vyake kila siku, akachota na vya majirani, huku anapandisha ghorofa.

Basi nilirudi darasani nikamwambia yule kijana: haiishi, kwa sababu inachokula ni vipande vilivyochakaa na vya kuokota nje, na kila ilichovunja kinarudi kuwa tofali. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo tuiharibu tumbo, kama tulivyofanya kwa amonia." Nikamwambia wamejaribu. Haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, ikitumiwa peke yake, kwa wagonjwa wa kansa ya kongosho iliyosambaa, haikufua dafu. Seli iliyozibwa njia moja hutafuta nyingine, ndiyo maana sasa majaribio huiunganisha na dawa zinazoziba njia nyingine pia.

Ukifundisha, kaa chonjo na hili: kujila si adui kila wakati. Beth Levine na wenzake mwaka 1999 walionyesha kwamba jeni ya beklini 1, inayoanzisha kujila, huzuia uvimbe, na mwaka 2003 panya waliopungukiwa nakala moja walionekana kupata uvimbe zaidi. Mwanzoni usafi huu unaikinga seli isiharibike. Uvimbe ukishasimama, unauhudumia. Mwanafunzi akiniandikia "otofajia huzuia kansa" au "otofajia hulisha kansa" akaishia hapo, nampa nusu ya alama.

Na utaulizwa, jiandae, kuhusu ile video inayozunguka kwenye simu inayosema Nobeli ya 2016 imethibitisha kufunga siku tatu kunaua kansa. Ohsumi alitia njaa hamira. Mgonjwa wa kansa ya kongosho mara nyingi tayari anakonda kwa kasi, na kumnyima chakula ni kumpunguzia nguvu za kuhimili matibabu. Mwenye mgonjwa nyumbani afuate rufaa, iwe Bugando kule Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam, na habari za kula aulize huko. Hili huwa nalisema taratibu, kwa sababu darasani daima kuna mtoto mmoja ambaye ameinamisha kichwa.

Mwisho ni usafi. Slaidi zinaoshwa kwa maji ya kawaida, amonia iliyobaki imwagwe na maji mengi, na kitunguu cha zoezi kisirudi jikoni hata kama mpishi wa shule anakitazama. Vidole vitabaki vyekundu. Limau huzidisha wekundu. Nawa kwa sabuni ya mawese, nayo ni alkali: doa litageuka la njano kwanza, wanafunzi watapiga kelele waitane kutazama, ndipo litoke.